Sri Lanka bila kukimbizana: mahekalu, chai na milima kwa anayetoka Afrika Mashariki

Kwenye ramani kisiwa hiki kinaonekana kidogo, kilomita kama 430 tu kutoka kaskazini mpaka kusini, kwa hiyo mtu anaangalia anasema aah siku tano nimemaliza. Hapo ndo safari nyingi zinapoharibikia. Barabara za milimani ni nyembamba na zinazunguka kila kilima, kuna sehemu gari likipata kilomita 30 kwa saa limeenda vizuri, na treni yenyewe haina haraka na mtu. Alafu karibu kila kitu kizuri cha kule kina saa yake, na saa hiyo mara nyingi ni kabla ya saa nne asubuhi, ikipita hapo unakutana na jua kali au ukungu au mabasi ya watalii. Kwa hiyo mpango wangu uko rahisi, asubuhi moja kitu kimoja kikubwa, mchana kusafiri au kupumzika. Ukifuata hivo utaviona vyote na miguu yako itakuwa bado inafanya kazi.

Hatua ya 1: Angalia upepo kabla ya kukata tiketi

Watu wa pwani hapa mna faida, maana mvua za Sri Lanka zinaletwa na pepo zile zile zilizokuwa zinasukuma majahazi yetu. Kusi ikishika, kuanzia Mei mpaka Septemba hivi, mvua inamwagika upande wa kusini magharibi na milimani, huku mashariki kule Trincomalee na Arugam Bay ni kukavu na bahari imetulia. Ikija kaskazi, Desemba mpaka Februari, mambo yanageuka, mashariki na kaskazini ndo wanalowa na kusini kunafunguka. Kwa njia ninayoieleza hapa, yaani mahekalu, chai, alafu pwani ya kusini, miezi mizuri ni Januari mpaka Machi.

Kama likizo yako ni Julai au Agosti usikate tamaa, nyanda za Sigiriya na Polonnaruwa zinakuwa kavu, na Kandy inakuwa na Esala Perahera, maandamano ya usiku yenye tembo waliovishwa, ngoma na mienge, makubwa kuliko sherehe zote za dini kisiwani. Ila buku chumba mapema sana maana mji unajaa mpaka pomoni. Oktoba na Novemba mimi sishauri, mvua inanyesha kila upande na milima inaporomoka. Mwisho wa Novemba 2025 kimbunga Ditwah kiliua mamia ya watu na kuharibu vibaya barabara na reli ya milimani, kwa hiyo kabla hujalipia chochote cha upande wa Kandy, Nuwara Eliya na Ella uliza wenyeji wa gest yako ni kipande gani cha reli kinafanya kazi kwa sasa.

Kingine cha kalenda: kila siku ya mwezi mpevu ni sikukuu, wanaiita Poya. Pombe haiuzwi, maduka mengi yanafungwa, na mahekalu yanajaa waumini waliovaa nyeupe tupu. Ukiweza siku hiyo ikukute Anuradhapura, mji wa kale wa mahekalu, ni kitu cha kukaa kimya na kutazama. Na tarehe 13 na 14 Aprili ni mwaka mpya wa Wasinhala na Watamili, nusu ya nchi iko barabarani kuelekea makwao au Nuwara Eliya, bei zinapanda, usafiri unabana.

Hatua ya 2: Makaratasi, chanjo na hela

Kibali cha kuingia kinaitwa ETA na kinaombwa onlaini kabla ya safari, tovuti ya serikali ni eta.gov.lk. Nasisitiza hiyo kwa sababu ukisachi zinakuja tovuti kibao za madalali zinazofanana nayo, wanajaza fomu ile ile kisha wanakuchaji juu. Masharti na ada yamebadilishwa mara kadhaa miaka ya karibuni, kwa hiyo cheki wiki ile ile unayolipa, usitegemee alichoambiwa rafiki yako mwaka juzi.

Beba kadi ya njano ya homa ya manjano, usiiweke kwenye begi kubwa, iwe mkononi na paspoti, maana anayetoka nchi zetu anaweza kuulizwa. Malaria kule hakuna, WHO ilitangaza hivo mwaka 2016, ila dengue ipo na mbu wake anauma mchana, kwa hiyo dawa ya kujipaka usiiache nyumbani.

Wengi tunapitia Dubai au Doha. Ukitua, saa yako isogeze mbele masaa mawili na nusu. Uwanja wa ndege uko Katunayake, karibu zaidi na Negombo kuliko Colombo, kwa hiyo usiku wa kwanza lala Negombo, Colombo iache. Laini ya simu nunua pale pale uwanjani, Dialog au Mobitel, mabando yao ni ya bei nafuu. Chenji dola kiasi, rupia zingine utatoa kwenye mashine za benki mijini. Chaja zetu za pini tatu bapa zinaingia sehemu nyingi lakini gest za zamani zina matundu ya duara, beba adapta.

Hatua ya 3: Panga njia na usafiri

Njia yenyewe: Negombo usiku mmoja, Sigiriya tatu, Kandy mbili, Nuwara Eliya mbili, Ella mbili, kusini mbili. Hizo ni siku 12 au 13 za kustaarabika. Ukiwa na siku kumi tu kata pwani ya kusini, usikate milima. Nasema hivi nikijua wengine mtabisha, lakini mtu aliyezaliwa karibu na Nungwi au Diani au Lamu fukwe nzuri anazijua tayari, kitu asichokuwa nacho nyumbani ni Sigiriya na mahekalu yenye umri wa miaka elfu mbili.

Usafiri una namna mbili. Mkiwa watatu au wanne kodini gari na dereva, kwa siku ni kama dola 50 mpaka 70, petroli na malazi yake humo humo, na hoteli nyingi zina chumba cha madereva. Kubalianeni siku ya kwanza kabisa kwamba hamtaki kupelekwa maduka ya vito, ya batiki wala bustani za viungo, kwa sababu huko dereva anapata kamisheni na nyie mnapoteza asubuhi nzima. Bustani za viungo za Matale ni nzuri kwa mtu ambaye hajawahi kuona mkarafuu, sasa wewe wa Zanzibar au Pemba unaenda kutafuta nini. Mdalasini tu ndo ununue, wa kwao ni mwembamba, mtamu na laini, na ununue sokoni.

Ukiwa peke yako panda mabasi na bajaji. Ndio, bajaji zile zile, na wanaendesha kushoto kama kwetu. Mjini tumia apu ya PickMe ili usibishane bei, nje ya miji patana kabla hujakaa. Mabasi ni ya bei ndogo mno na yanafika kila mahali, ila yanakimbia, ukiwa na roho nyepesi usikae mbele.

Hatua ya 4: Jua adabu za hekalu kabla hujafika mlangoni

Mabega na magoti yafunikwe, mwanamke na mwanaume sawa. Viatu na kofia vinavuliwa nje, na hapa ndo dondoo ambayo wengi hawaambiwi: sakafu za mawe saa sita mchana zinaunguza kweli kweli, beba soksi nene. Kanga au kikoi kimoja kwenye begi kinamaliza shida zote, tena wanaume wa kule wenyewe wanavaa saruni, ukifunga kikoi chako watakutabasamia. Nyeupe ndo rangi ya heshima.

Usipige selfi ukiwa umeipa mgongo sanamu ya Buddha, usikae miguu imeielekea, usipande juu ya sanamu yoyote. Hili sio suala la kuchukiana macho tu. Mwaka 2014 mtalii kutoka Uingereza alirudishwa kwao kwa sababu ya tatoo ya Buddha mkononi. Ukiwa na tatoo ya namna hiyo ifunike kuanzia uwanja wa ndege. Kwenye mahekalu ya Kihindu, hasa Nallur kule Jaffna, wanaume wanavua shati, usishangae, fuata wanavofanya wenzako.

Waislamu mtauliza, je naweza kuingia? Unaingia kama mgeni, unatazama, hakuna anayekulazimisha kuweka maua. Karibu mtu mmoja kati ya kumi kisiwani ni Mwislamu, misikiti ipo kila mji na chakula halali hakikusumbui.

Hatua ya 5: Sigiriya na majirani zake

Hapa kaa siku tatu nzima. Sigiriya ni jiwe moja linalosimama karibu mita 200 juu ya msitu, na juu yake mfalme Kashyapa alijenga kasri katika karne ya 5. Alikuwa amemuua baba yake, mfalme Dhatusena, akachukua kiti, mdogo wake Moggallana akakimbilia India, na yeye kwa hofu akahamia juu ya jiwe. Alitawala kuanzia 477 mpaka 495, ndugu yake aliporudi na jeshi ndo ukawa mwisho wake. Ukijua hiyo stori, bustani za maji kule chini na yale makucha makubwa ya simba kwenye ngazi za mwisho vinakupa picha nyingine kabisa, unaona mtu mwenye hela na akili nyingi ambaye hakulala usingizi.

Fika getini kunapofunguliwa tu. Ngazi ni kama 1,200, zingine za chuma zimening'inia pembeni ya jiwe, mwenye kuogopa kimo aangalie mbele asiangalie chini. Katikati kuna michoro ya wanawake ya karne hiyo hiyo, picha haziruhusiwi, na walinzi wako serious. Kisha unapita kwenye Ukuta wa Kioo, ambao wageni wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita waliandika mashairi juu yake kuwasifu wale wanawake. Kuna nyigu kwenye jiwe, ukiona kibao cha kukaa kimya basi kaa kimya kweli. Mgeni analipa kama dola 35, ni hela, lakini lipa.

Kesho yake alfajiri panda Pidurangala, jiwe la jirani, kiingilio chake ni kidogo sana na kutoka pale ndo unaiona Sigiriya nzima jua likichomoza. Mwisho kabisa unapanda juu ya mawe makubwa kwa mikono na miguu, mtoto mdogo na mzee sishauri. Njia inapita ndani ya hekalu, kwa hiyo kanga yako tena, hata kama ni saa kumi na moja na giza.

Dambulla iko karibu, mapango matano yaliyojaa sanamu zaidi ya 150 na dari zote zimechorwa. Mfalme Valagamba alijificha humo alipopinduliwa katika karne ya 1 kabla ya Kristo, aliporudishiwa kiti akayageuza hekalu kama shukrani. Nenda alasiri. Ulizia tiketi inapouzwa kabla ya kupanda, kuna watu wanafika juu wanaambiwa shuka ukakate.

Polonnaruwa kodi baiskeli. Magofu yametawanyika chini ya miti na ardhi ni tambarare, unazunguka polepole. Kitu cha kutokukosa ni Gal Vihara, sanamu nne za Buddha zilizochongwa kwenye ukuta mmoja wa granaiti wakati wa mfalme Parakramabahu wa Kwanza, karne ya 12, ile aliyelala ina mita 14 hivi na mto wa kichwa umebonyea pale kichwa kilipolalia, kwenye jiwe. Nilikaa kitako mbele yake mpaka mlinzi akaja kunisalimia.

Anuradhapura ni mbali kidogo na ni pana zaidi, na tofauti yake ni kwamba sio magofu tu, watu wanasali pale mpaka leo. Kuna mti, Jaya Sri Maha Bodhi, ulioletwa kama tawi kutoka India na Sanghamitta binti wa mfalme Ashoka na kupandwa mwaka 288 kabla ya Kristo. Hakuna mti mwingine duniani uliopandwa na binadamu unaojulikana tarehe yake na wenye umri huo. Na kuna Jetavanaramaya, kuba la matofali lililokuwa na mita 122 lilipojengwa, wakati ule lilizidiwa na piramidi mbili za Giza tu. Ukiwa umechoka na kulazimika kuchagua kati ya miji hii miwili: anayependa uchongaji aende Polonnaruwa, anayetaka kuona dini ikiwa hai aende Anuradhapura.

Hatua ya 6: Kandy

Kandy ndo mji mkuu wa ufalme wa mwisho, uliangukia mikononi mwa Waingereza 1815. Watu wanakuja kwa ajili ya Sri Dalada Maligawa, hekalu linalotunza jino la Buddha. Jino lenyewe hulioni, limo ndani ya makasha ya dhahabu, moja ndani ya lingine, na chumba kinafunguliwa wakati wa ibada: saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa tatu na nusu asubuhi na saa kumi na mbili na nusu jioni. Nenda ile ya alfajiri, ngoma zinasikika vizuri, vikundi vya watalii bado vimelala, na utakaokuwa nao foleni ni bibi na wajukuu wenye maua ya yungiyungi mikononi.

Mchana nenda bustani ya mimea ya Peradeniya. Ziwa la katikati ya mji lizunguke jioni. Kandy yenyewe kama mji ina foleni na moshi, usiku wa tatu hauhitajiki.

Hatua ya 7: Treni ya milimani

Reli hii Waingereza waliijenga kwa ajili ya kahawa, ikafika Kandy 1867, na ikamalizikia Badulla 1924. Kutoka Kandy mpaka Ella ni kama masaa saba, inapita mashamba ya chai, mahandaki, vijiji vilivyoning'inia, na inafika stesheni ya Pattipola yenye karibu mita 1,900 juu ya bahari.

Tiketi za siti zinafunguliwa siku 30 kabla na zinaisha haraka mno, basi weka alamu kwenye simu. Ukikosa, tiketi zisizo na siti za daraja la pili na la tatu zinauzwa asubuhi hiyo hiyo dirishani, utasimama lakini utaenda. Daraja la kwanza lenye AC mimi silitaki, madirisha hayafunguki na raha yote ya ile treni ni upepo na watoto wanaopunga mikono. La pili lenye siti ndo penyewe. Na ile picha ya kuning'inia mlangoni mliyoiona Instagram, tafadhali, kuna watalii wamepoteza maisha kwa picha hiyo, mahandaki na nguzo ziko karibu kuliko unavodhani.

Wengi wanaipanda yote kwa siku moja. Mimi nasema ikate vipande viwili, Kandy mpaka Nanu Oya, hapo unashuka kwa ajili ya Nuwara Eliya, siku mbili baadae Nanu Oya mpaka Ella, kipande ambacho ndo kizuri zaidi na utakiona ukiwa hujachoka.

Hatua ya 8: Chai, na hapa usiwe na haraka

Mtu wa Kericho, Limuru, Mufindi au Rungwe anaweza kusema chai naijua. Unaijua, na ndo maana utaifurahia kuliko Mzungu, kwa sababu utaona tofauti. Kwetu chai nyingi inapita kwenye mashine zinazosaga na kukatakata majani mpaka yanakuwa punje ndogo ngumu, zinatoa rangi nzito haraka na maziwa yanakubali. Kule bado wanafanya kwa njia ya zamani: majani yananyaushwa kwa hewa usiku kucha, yanasokotwa bila kukatwakatwa sana, yanaachwa yageuke rangi, yanakaushwa kwa moto, kisha yanachekechwa kwa ukubwa. Kikombe chake ni chepesi, rangi ya dhahabu, na harufu inakuja kabla ya ladha. Onja bila maziwa kwanza, hata kama nyumbani hunywi hivo.

Historia yake ni ya ajali. Kisiwa kilikuwa cha kahawa, ugonjwa wa kutu ya majani ukaingia 1869 ukaimaliza. Bahati ni kwamba Mskochi mmoja, James Taylor, alikuwa ameshapanda chai eka 19 pale Loolecondera karibu na Kandy mwaka 1867. Wakulima wakamfuata. Lipton mwenyewe alifika 1890 akanunua mashamba, na leo mnada wa Colombo na ule wa Mombasa ni kati ya minada mikubwa kabisa ya chai duniani.

Namna ya kutembelea: chagua kiwanda kimoja karibu na Nuwara Eliya au Haputale na uende asubuhi siku ya kazi, Jumapili na sikukuu mashine zinaweza kuwa zimezimwa. Omba uoneshwe chumba cha kunyaushia juu kabisa, harufu yake hutaisahau, alafu mezani omba kuonja chai za miinuko tofauti. Chai ya juu ya mita 1,200 ni nyepesi na yenye harufu kali, ya chini kabisa ni nyeusi na nzito, hiyo ndo itakukumbusha nyumbani. Nyepesi nunua kidogo kwa ajili ya kunywa bila maziwa, nzito nunua kwa ajili ya chai ya maziwa ya familia, maana ile nyepesi ukiitia maziwa na tangawizi umeiua.

Kama unaweza nenda Lipton's Seat kule Haputale. Bajaji inakupandisha alfajiri, unakaa juu kabla mawingu hayajapanda, alafu shuka kwa miguu katikati ya chai mpaka kiwanda cha Dambatenne. Kilomita kadhaa za mteremko, na hapo ndo unakutana na wenye chai yao kweli.

Hao wachumaji, wengi wanawake, ni Watamili ambao mababu zao waliletwa na Waingereza kutoka India kusini. Sheria ya uraia ya 1948 iliwaacha wengi bila nchi, na ni 2003 tu ndo sheria ikawafungulia mlango wote waliobaki. Mpaka leo wanalipwa kidogo na siku yao inahesabiwa kwa kilo. Kwa hiyo usimvizie mtu na kamera akiwa na kapu mgongoni. Salimia kwanza, vanakkam, omba, na akikuomba hela kidogo kwa picha mpe bila kununa, umemsimamisha kazini. Nunua mboga na karoti zao barabarani pia.

Nuwara Eliya iko mita 1,868, usiku kuna baridi ya Njombe, na gest nyingi hazina hita. Sweta na soksi.

Hatua ya 9: Horton Plains, na Mlima wa Adamu

Horton Plains ni uwanda wa nyasi juu ya mita 2,000 wenye njia ya mzunguko ya kilomita 9. Katikati yake ardhi inakatika ghafla, World's End, shimo la mita karibu 870. Ukungu unapanda kuanzia saa tatu au nne asubuhi na ukishapanda unaona ukuta mweupe tu, kwa hiyo toka Nuwara Eliya saa kumi na moja, uwe getini likifunguka saa kumi na mbili, na uelekee World's End kwanza, maporomoko ya Baker's baadae. Getini wanakagua mabegi na kutoa plastiki, biskuti zako zifunge kwenye karatasi. Mvua ikinyesha kuna ruba, ingiza suruali kwenye soksi na beba chumvi.

Sri Pada, yaani huo Mlima wa Adamu, ni jambo lingine, na kwa Mswahili lina uzito wake. Juu kabisa, mita 2,243, kuna alama ya unyayo. Wabuddha wanasema wa Buddha, Wahindu wa Shiva, na Waislamu na Wakristo wengi toka zamani wanasema ni wa Nabii Adam, aliposhushwa kutoka peponi. Waarabu walikiita kisiwa Sarandib. Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuja kuupanda mlima huu 1344. Mimi sijui mahali pengine ambapo waumini wa dini nne wanapanda ngazi moja usiku mmoja wakisaidiana kushika wazee.

Msimu ni kutoka Poya ya Desemba mpaka ile ya Mei, njia inawashwa taa na vibanda vya chai viko wazi usiku kucha. Nje ya msimu kuna giza, mvua na upepo mkali, achana nao. Shuka stesheni ya Hatton, panda basi mpaka Dalhousie, lala mapema, anza saa nane usiku. Ngazi ni kama 5,500. Nenda taratibu, kunywa chai njiani, na vaa jaketi ukikaribia kileleni maana jasho linakugandia. Jua likitoka geuka upande wa pili, utaona kivuli cha mlima kimelala juu ya mawingu kama pembetatu. Kuna kengele, kila mtu anaigonga idadi ya mara alizowahi kupanda. Kushuka ndo kunaumiza magoti, siku ya pili usipange kitu.

Ukiongeza Sri Pada, ongeza usiku mmoja kati ya Kandy na Nuwara Eliya.

Hatua ya 10: Ella, kisha kushuka

Ella ni kijiji cha watalii siku hizi, mgahawa juu ya mgahawa, ila vitu viwili bado vinastahili. Daraja la Matao Tisa la 1921, la mawe na matofali, uliza gest ratiba ya treni ufike nusu saa kabla. Na Little Adam's Peak asubuhi, ni fupi na hata watoto wanapanda.

Hapa wengi wanateremka Yala kutafuta chui. Kama Serengeti, Mara au Tsavo umeshaona, usiache hela nyingi hapo, utakuwa kwenye foleni ya magari ya jeep. Mwenye hamu ya tembo wa Asia aende Udawalawe, yuko njiani, au akipita Agosti na Septemba aangalie Minneriya karibu na Sigiriya, mamia ya tembo wanakusanyika kwenye bwawa maji yakipungua.

Chakula kote njiani kitakufaa: wali na michuzi mitano sita, samaki, dengu za tui, nazi iliyokunwa na pilipili. Asubuhi tafuta appa, chapati ya unga wa mchele na tui yenye umbo la bakuli, na yai katikati. Usiku kottu, chapati ya kukatwakatwa na kukaangwa, utaisikia mtaani kabla ya kuiona, visu viwili vinagonga bati. Ukisema pilipili kidogo, kwao kidogo bado ni nyingi. Kiu ikikushika nunua thambili, dafu la rangi ya machungwa.

Malizia Galle, tembea juu ya ngome jioni. Wareno walianza 1588, Waholanzi wakaijenga upya, na mtu wa Mombasa ataitazama kwa jicho la Fort Jesus. Kutoka Galle kuna barabara kuu ya haraka inayounganika mpaka uwanja wa ndege, kama masaa mawili na nusu, jipe manne ukiwa na ndege ya jioni. Chai weka kwenye begi kubwa, imefungwa vizuri, mdalasini pembeni yake lakini sio mfuko mmoja, maana chai inavuta harufu zote.